Kutoka Tlawi Hadi Kwenye Moto wa Kinyerezi

Basi la Mbulu likianza kuteremka Magara, hata abiria waliozoea hunyamaza. Barabara inajikunja kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara linang'aa upande wa kaskazini, na baridi tuliyotoka nayo Tlawi inaanza kutuacha kona baada ya kona. Babati nilishafika mara nyingi kwa shughuli za shule, na Arusha pia. Safari hii nilikuwa napita tu. Nilikuwa nakwenda Dar es Salaam kwa mara ya kwanza maishani, na ndani ya Dar es Salaam nilikuwa na mahali pamoja tu moyoni: Kinyerezi, kwenye mitambo inayofua umeme kwa gesi asilia.

Ninafundisha kemia. Kidato cha kwanza wana mada ya hewa, mwako, kutu na kuzima moto, na kila mwaka tunafanya jaribio lilelile la misumari. Mmoja unawekwa kwenye maji ya kawaida. Wa pili unawekwa kwenye maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ili hewa isiingie. Wa tatu unakaa kwenye hewa iliyokaushwa. Baada ya siku kadhaa msumari wa kwanza umeshika kutu, ile mingine miwili ni mizima, na wanafunzi wanaandika kwamba kutu inahitaji maji na hewa kwa pamoja. Somo linaishia hapo.

Lakini mtoto wa huku kwetu aliyewahi kusimama karibu na mhunzi wa Kidatoga anajua kuna jambo halijasemwa. Mhunzi anavukuta, chuma kinaiva na kuwa chekundu, anakitoa na kukigonga, na kwa kila pigo magamba meusi yanaruka na kumwagika chini. Pale hakuna tone la maji. Kuna moto na hewa kavu basi. Yale magamba ni chuma kilichokwisha kuliwa na oksijeni, na chuma kikirudishwa motoni mara nyingi kinazidi kukonda. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: kama makaa ya mhunzi yanakula chuma kwa nusu saa, mitambo inayokaa ndani ya moto usiku na mchana kwa miaka inaponaje? Jibu la vitabuni nilikuwa nalo. Nilitaka kwenda kuliona, ili nikirudi nimweleze kitu nilichokishika.

Nje ya Babati nguzo kubwa za chuma zinakatiza nchi, zikibeba njia ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Singida kwenda Arusha hadi Namanga. Niliziangalia kwa macho mapya. Umeme unaowaka madarasani kwetu unasafiri kwenye nyaya za gridi ya Taifa kutoka huko nilikokuwa nakwenda, na kutoka kwenye mabwawa ya Mtera na Kidatu, na sasa kutoka Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Nilikuwa nausafiria umeme kinyumenyume, kuelekea unakozaliwa.

Barabara ya Babati hadi Dodoma kupitia Kondoa, ambayo wazee wetu waliisimulia kwa vumbi la kiangazi na tope la masika, ni lami tupu tangu mwaka 2018. Dodoma tulikula. Morogoro milima ya Uluguru ilikuwa imejifunika mawingu. Kuanzia Chalinze joto lilibadilika likawa zito na la majimaji, na mwili wa mtu wa Mbulu ulilihisi kabla hata basi halijasimama. Tulishuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, usiku umeshaingia, na baba mdogo alikuwa ananisubiri. Anaishi Segerea, jirani kabisa na Kinyerezi.

"Mwanangu," aliniambia tukiwa njiani, "watu wa nyumbani wakija huku wanakuja Muhimbili au kufuatilia barua zao wizarani. Wewe umekuja kuangalia moto."

"Nimekuja kuangalia mabomba yanayokaa kwenye moto, baba."

Alitafakari kidogo, kisha akasema bati la paa lake lenyewe amelibadilisha, maana hewa ya huku ina chumvi. Ilikuwa kauli ya mtu anayeelewa kabisa nilichofuata.

Kinyerezi kuna vituo viwili vya TANESCO vilivyokaa jirani. Kinyerezi I ilianza na uwezo wa megawati 150. Kinyerezi II, iliyozinduliwa Aprili 2018, ina megawati 240, na ndiyo hasa niliyoitaka kwa sababu ya namna inavyotumia joto. Gesi yao inatoka kusini. Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, gesi iligunduliwa mwaka 1974 na ikakaa ardhini miaka 30 kabla ya kuanza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Gesi ya Songo Songo ni safi sana: karibu asilimia 97 ni methani, na haina salfa ya kutia hofu. Jambo hili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu salfa ikikutana na chumvi ya bahari kwenye chuma cha moto huzaa chumvi inayoyeyuka, na ikiyeyuka juu ya chuma inakitafuna kwa kasi isiyolingana hata kidogo na ya hewa ya kawaida.

Mhandisi aliyenipokea ni dada wa Mbulu, ndiyo maana barua yangu ya maombi ilisomwa kwa makini. Alinisalimia Kiiraqw getini, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha kazi. Nilivaa kofia ngumu, buti na vizuia sauti vya masikioni. Hata hivyo mlio ulipita. Hauingii masikioni, unaingia kifuani, mmoja na wa aina moja, bila kupumzika.

"Mwalimu, twende kwa mpangilio," alisema karibu na sikio langu. "Hewa inaingia kule juu kwenye vichujio. Inabanwa. Inachanganywa na gesi na kuwashwa. Moshi unazungusha tabaini. Tabaini inazungusha jenereta. Hapo watu wengi wanadhani habari imekwisha."

Kwenye mtambo wa gesi wa aina hii, moto wenyewe unapita nyuzi joto 1,200. Chuma cha kawaida kinayeyuka kwenye 1,538 na nikeli kwenye 1,455, na chuma huanza kulegea mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo mapanga ya mbele ya tabaini hayawezi kuwa chuma cha kawaida. Yanatengenezwa kwa aloi za nikeli, yanapozwa kwa hewa inayopita ndani yake, na kupakwa tabaka za kinga. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma. Kilichonileta ni kile kinachofuata. Moshi ukitoka kwenye tabaini bado una joto la nyuzi zaidi ya 500. Mtambo ukiishia hapo, umetumia takribani thuluthi moja tu ya nishati iliyokuwa kwenye gesi, na iliyobaki inapaa angani juu ya Kinyerezi.

Kinyerezi II haiiachii. Moshi unaelekezwa kwenye boila ambazo zenyewe hazina moto. Ni majengo ya chuma marefu, na ndani yake kumejaa mabomba yaliyosimama kwa safu. Maji yanapita ndani ya mabomba, moshi unapita nje, na joto linavuka ukuta wa bomba kutoka kwenye moshi kwenda kwenye maji hadi yanakuwa mvuke wenye shinikizo. Mitambo sita ya gesi inatoa moshi, na mvuke unaopatikana unazungusha tabaini nyingine mbili bila kuchoma gesi ya ziada. Kwa mpangilio huo kituo kinaweza kupata karibu nusu ya nishati ya gesi, au zaidi. Kila nyuzi joto inayovuka ukuta wa bomba ni gesi ya Watanzania ambayo haijapotea bure. Nilisimama chini ya boila ile nikiwa na furaha ya kweli. Nchi yetu imejua mgao wa umeme, wa mwaka 2006 na wa 2011 ambao ukame uliuleta, na mtu aliyewahi kusahihisha mitihani kwa koroboi haoni boila kama ile kwa macho makavu.

Ndani ya boila hatukuingia, maana ilikuwa inafanya kazi. Mhandisi alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye meza ndefu, ambako wanaweka vipande vya kufundishia mafundi wapya. Hapo ndipo safari yangu ilipofika mwisho wake hasa.

Alinipa kipande cha bomba chenye urefu wa shubiri. Kilitoka kituo kingine, hakusema kipi, na kilikuwa kimepasuliwa kwa urefu ili ndani kuonekane. Nje kulikuwa na mapezi, yaani utepe mwembamba wa chuma uliozungushwa kwenye bomba tangu mwanzo hadi mwisho na kuchomelewa, unene wake takribani milimita moja. Kazi ya mapezi ni kuongeza eneo la kushika joto. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyoiva. Ukuta wa bomba wenyewe ulikuwa milimita tatu na ushee. Ndani, upande uliokuwa ukipitisha mvuke, kulikuwa na utando wa kijivu kinachokaribia weusi, laini, unaong'aa kidogo. Sehemu moja utando huo ulikuwa umebanduka, ukaacha doa lenye kingo zilizochongoka kama ramani ya kisiwa.

"Gusa hapo ukingoni kwa kucha," alisema.

Niligusa. Kigamba kidogo kilidondoka kiganjani, chembamba kiasi kwamba sikuusikia uzito wake. Alitoa sumaku kwenye droo akaisogeza. Kigamba kiliruka na kunata.

Pale nilielewa nimeshika nini. Kwa miaka ninaandika ubaoni kwamba chuma cha moto kikipitishiwa mvuke hutoa oksaidi nyeusi ya chuma na haidrojeni. Atomu tatu za chuma, molekuli nne za maji. Wanafunzi wanaikariri, wanaijibu kwenye mtihani na kuisahau. Ile oksaidi ndiyo hii iliyorukia sumaku. Bomba lilikuwa limeutekeleza mlinganyo wa kidato cha pili kwa maelfu ya masaa, bila mtu kuliona, na matokeo yake yalikuwa kwenye kiganja changu.

Nilimweleza mhandisi kuhusu mhunzi na magamba yake. Alitikisa kichwa kwa kukubali, kisha akanipa tofauti iliyopo, na maelezo yake nitayabeba miaka yote nitakayofundisha.

Chuma tupu kikipita nyuzi 570 hivi, ndani ya gamba lake huzaliwa oksaidi ya aina nyingine, yenye nafasi nyingi tupu katika mpangilio wa atomu zake. Atomu za chuma zinapita humo bila taabu, zinakwenda kukutana na oksijeni juu, na gamba linanenepa upesi. Makaa ya mhunzi yako juu sana ya nyuzi hizo. Watengenezaji wa mabomba ya sehemu zenye joto kali huongeza kromiamu: asilimia mbili na robo kwa chuma kimoja, asilimia tisa kwa kingine, asilimia 18 na kuendelea kwa stenlesi. Kromiamu inawahi kuishika oksijeni kabla ya chuma, na oksaidi yake imefungamana vizuri kiasi kwamba atomu zinapita humo kwa taabu kubwa. Utando ukishatanda, wenyewe unakuwa kizuizi cha kuendelea kwake.

Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Mjerumani Carl Wagner aliieleza sababu yake mwaka 1933. Kwa kuwa atomu lazima zivuke utando ndipo ziuongeze, kila utando unavyonenepa ndivyo unavyochelewa. Ukichukua mwaka mmoja kufikia unene fulani, utachukua miaka minne kufikia mara mbili yake, na miaka tisa kufikia mara tatu. Mwanafunzi anayejua vipeo viwili anaweza kuchora grafu hiyo kwenye daftari la kurasa 48. Grafu inapanda kwa kasi mwanzoni, kisha inalala. Katika kulala huko ndimo maisha ya kituo cha umeme yalimo.

Kwa hiyo nilipata jibu la kumpelekea binti wangu wa kidato cha tatu, na halikuwa lile watu wengi wanalolitarajia. Hakuna metali ya mitambo hii inayoikataa oksijeni. Aloi inayostahimili moto inashika kutu kama nyingine zote. Ubora wake ni kwamba inashika kutu ya aina inayofaa: nyembamba, inayokua polepole, inayonata, na ikichubuka inajirudishia. Siku inaposhindwa mojawapo ya hayo, ukuta unaanza kuliwa.

"Na inashindwaje?" niliuliza.

"Kwa njia nyingi, mwalimu. Kaa."

Ya kwanza ilikuwa mbele yetu. Chuma na oksaidi havitanuki sawasawa. Kituo kikiwa kinakwenda, vyote viko kwenye joto moja na vimezoeana. Kikizimwa, bomba linapoa na kusinyaa kwa kiwango chake, utando kwa kiwango chake, na ukiwa mnene unaachia. Magamba yanaangukia kwenye kona za chini za mabomba na kuziba njia ya mvuke, na bomba lililozibwa linaungua kwa kukosa cha kulipoza. Mengine yanasafiri na mvuke hadi kwenye tabaini na kuyakwaruza mapanga yake. Hata utando usipobanduka, unazuia joto kuvuka, na chuma kilicho chini yake kinazidi kupata moto. Wahandisi wanasema joto la chuma likizidi kwa nyuzi kumi na kitu tu, umri wa bomba unaweza kupungua kwa nusu. Mabomba haya hukadiriwa nguvu zake kwa masaa 100,000 ya moto, ambayo ni zaidi kidogo ya miaka 11.

Ndiyo maana kuwasha na kuzima kunaumiza kuliko kuwaka. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na nchi yenye maji mengi namna hiyo huweza kuyaegemea wakati wa mvua na kuirudia gesi wakati wa kiangazi au saa za jioni mahitaji yanapopanda. Kwa mfuko wa Taifa ni mpango mzuri. Kwa utando wa oksaidi, kila kuzimwa ni mtihani. Anayepanga ratiba ya mitambo na anayechunguza mabomba wanapaswa kukaa meza moja, na ningependa vijana wetu wawepo kwenye viti vyote viwili.

Njia ya pili ilinishangaza. Methani ikiungua hutoa kaboni dayoksaidi na maji, molekuli mbili za maji kwa kila moja ya methani. Kwa hiyo moshi wa gesi umejaa mvuke. Kwenye joto la nyuzi 600 na zaidi, oksijeni pamoja na mvuke huo huigeuza oksaidi ya kromiamu kuwa gesi, nayo inaondoka na moshi. Utando unaopaswa kulinda unavukizwa taratibu kutoka juu, na aloi inalazimika kutoa kromiamu nyingine kutoka tumboni mwake kuziba pengo. Metali nene ina akiba. Metali nyembamba inatumia akiba yake kama familia iliyoingia kwenye njaa na gunia moja la mahindi: inakula vizuri mwezi wa kwanza, wa pili pia, halafu siku moja gunia limekwisha na kila kitu kinabadilika kwa ghafla. Kromiamu ikipungua mno, chuma chenyewe kinaanza kuungua, na kinaungua haraka.

Kwenye boila kama za Kinyerezi joto la moshi linabaki chini ya hapo, kwa hiyo tatizo hili haliko kwenye makali yake. Makali yake yako kwenye vibadilisha joto vya mitambo midogo ya gesi, vile vinavyochukua joto la moshi na kulirudisha kwenye hewa kabla haijaingia kwenye moto. Vinatengenezwa kwa karatasi za metali zenye unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Stenlesi ya kawaida ya kazi hiyo inaanza kushindwa ikipita nyuzi 650 hivi. Maabara ya Oak Ridge, Tennessee, nchini Marekani, ilifanya kazi kubwa juu ya karatasi hizo, na mwaka 2007 watafiti wake walitangaza aina ya stenlesi ambayo utando wake ni wa oksaidi ya alumini badala ya kromiamu. Oksaidi ya alumini inakua polepole zaidi, na mvuke hauiondoi kirahisi hivyo. Mhandisi alikuwa na kipande cha karatasi ya stenlesi iliyopashwa moto. Kilikuwa kidogo kuliko stempu, na kilikuwa na rangi: dhahabu upande mmoja, zambarau katikati, buluu upande wa pili. Rangi hizo hazikupakwa. Ni mwanga unaocheza ndani ya utando wa oksaidi, na kila rangi ni unene wake. Nilikigeuzageuza dirishani muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu kwa mgeni.

Kisha akaandika kwenye karatasi kilichomo kwenye aloi inayotumika pale stenlesi inaposhindwa, inayoitwa 625. Nikeli, karibu asilimia 60. Kromiamu, zaidi ya 20. Molibdenamu, tisa hivi. Niobiamu, zaidi ya tatu. Alipomaliza niliichukua kalamu nikaandika pembeni majina ninayoyajua kutoka kwenye ramani ya jiolojia. Nikeli: Kabanga, Ngara, moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo hazijachimbwa. Niobiamu: Panda Hill, Mbeya. Kobalti, inayotumika kwenye aloi nyingine za moto: Kolwezi, kwa ndugu zetu Waswahili wa Katanga. Mwaka 1978 vita vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa, na wataalamu wa NASA wakaanza kutafuta namna ya kuipunguza kwenye aloi za injini za ndege. Mji mmoja wa watu wanaozungumza Kiswahili uliyumba, na maabara za Marekani zikabadilisha ratiba zao.

Kuna pia jina la Ngualla, Songwe, kwenye madini adimu. Tangu miaka ya 1930 inajulikana kwamba ukitia chembe ndogo sana za metali hizo kwenye aloi, seriamu kwa mfano, utando wa oksaidi unanata na haubanduki ovyo. Inatosha hata sehemu moja ya kumi ya asilimia, au pungufu. Dawa ya kile kigamba nilichokibandua kwa kucha ina mali yake Songwe.

Nililiona jambo hili kwa uchungu na kwa tumaini, vyote pamoja. Mabomba na mapanga yanakuja na meli kutoka mbali, na siku yakichoka tunaagiza mengine. Udongo wenye viungo vyake tunaukanyaga. Kati ya udongo na bomba kuna kitu kimoja kinachokosekana kwa wingi wa kutosha, nacho ni watu wanaojua metali inavyoishi na kufa kwenye moto. Watu hao hawaanzi chuo kikuu. Wanaanza pale mwalimu anapowaambia kwamba msumari wa hewa kavu hautashika kutu, akaongeza neno moja: mpaka uupashe moto.

Kabla sijaondoka mhandisi alinionyesha kifaa wanachotumia boila ikizimwa kwa ukaguzi. Unagusisha kichwa chake kwenye bomba kwa upande mmoja tu, kinatuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, na mwangwi unaorudi unasema ukuta umebaki unene gani. Alikiweka kwenye kile kipande cha bomba cha mezani, akaniachia nisome. Kisha akafungua kitabu cha kumbukumbu cha mafunzo, safu baada ya safu za vipimo, kila kimoja na tarehe yake. "Kazi yetu kubwa ni hii, mwalimu," alisema. "Kuandika. Bomba haliharibiki ghafla kwa mtu anayeandika."

Niliporudi shuleni niliomba kwa fundi umeme wa mjini Mbulu koili ya jiko la umeme iliyokatika. Waya wa majiko hayo kwa kawaida ni nikeli na kromiamu, aloi ambayo Mmarekani Albert Marsh aliipatia hataza mwaka 1906, au chuma chenye kromiamu na alumini. Tulikata kipande, tukakata na waya wa kufungia nondo wa urefu huohuo, tukavipima vyote kwenye mizani ya maabara na kuviweka kwenye jiko la mkaa, wanafunzi wakipokezana kupepea. Waya wa nondo ulitoka umevimba, mweusi, ukivunjika kwa kuguswa, na magamba yake tuliyakusanya kwenye sahani nyeupe. Waya wa koili ulibadilika rangi, basi. Tulipoupima waya wa nondo pamoja na magamba yake yote, ulikuwa mzito kuliko mwanzo, na darasa likabishana kipindi kizima uzito huo wa ziada umetoka wapi, mpaka wakaifikia oksijeni wenyewe.

Sasa wanataka kurudia kwa mvuke. Tunahitaji bomba la kioo kinachostahimili moto, na vyombo vya kukusanyia haidrojeni itakayotoka. Barua ya maombi nimeshaiandika, na orodha ya vipimo vya jaribio la kwanza nimeibandika ukutani mwa maabara, na tarehe yake.